Château Gaillard: eti adui alipitia chooni?

Nimeulizwa na msomaji mmoja hivi: "Mkuu, wewe mtu wa majengo ya kale hebu nieleweshe. Nimesoma kwamba Richard wa Uingereza, yule wanayemwita Moyo wa Simba, alijenga ngome huko Ufaransa ikasifiwa kuliko zote za zama zake, halafu haikufikisha hata miaka kumi ikachukuliwa, eti adui alipenyea chooni. Sasa ubora wake ulikuwa wapi? Na mwezi wa tano nitakuwa Paris, kuna cha kuona pale au ni mawe tu?"

Mkuu, umegusa penyewe. Hiyo ngome ni Château Gaillard, iko Les Andelys, Normandy, juu ya kilima kinachotazama mto Seine, na mimi nimeshapanda kile kilima mara kadhaa, magoti yanakumbuka. Hiyo stori ya choo kila mtu anaijua, hata asiyejua kitu kingine chochote kuhusu ile ngome anaijua hiyo, na ina ukweli kidogo ndani yake ila imekuzwa kwa sababu inachekesha. Nitafika hapo, tulia. Kwanza tukubaliane kitu kimoja, ukiitazama ile ngome peke yake kama jengo hutaielewa kwa nini ilianguka. Richard hakujenga jengo, alijenga kufuli ya mto, na lile jengo la juu ni kipande kimoja tu cha hiyo kufuli.

Ngoja nikupe hali ilivyokuwa. Wafalme wa Uingereza enzi hizo walikuwa pia ndio watawala wa Normandy, na mji mkuu wa Normandy ni Rouen, uko kwenye Seine hiyohiyo. Paris nayo iko kwenye Seine, huko juu. Kwa hiyo mfalme wa Ufaransa, Philippe Auguste, akitaka kumfuata mwenzake barabara anayo tayari, ni mto, anashuka nao tu. Zamani kulikuwa na ngome ya Gisors inalinda mpaka upande huo, lakini mwaka 1193 Richard akiwa amefungwa kule Ujerumani (alikamatwa akitoka vitani Mashariki) Philippe akajichukulia Gisors kiulaini. Richard alipotoka kifungoni akakuta mlango wa nyumba hauna komeo.

Januari 1196 wakaweka mkataba, na ndani ya mkataba ikaandikwa kabisa kwamba Andely (ndiyo hiyo Les Andelys ya leo) isijengwe ngome na upande wowote. Pale palikuwa mali ya Askofu Mkuu wa Rouen, Gautier de Coutances, na mzee alikuwa anapata pesa nzuri ya ushuru wa vyombo vinavyopita mtoni. Mwaka huohuo Richard akaanza kujenga. Hakusubiri ruhusa, hakujali mkataba, hakujali askofu. Askofu akakasirika akafunga huduma za kanisa Normandy yote, yaani hakuna misa, hakuna kuzika kikristo, maiti zikawa zinalala mitaani miji ya Normandy bila mazishi, na yeye mwenyewe akafunga safari mpaka Roma kushtaki kwa Papa Celestine III. Mwishoni yakaisha kwa biashara, Oktoba 1197 Richard akampa askofu bandari ya Dieppe na mashamba mengine na vinu vya kusagia vya Rouen, na askofu akaachia Andely. Ukipiga hesabu ile askofu alipata faida kubwa tu, Dieppe sio kitu kidogo.

Ujenzi wenyewe ulikuwa wa kasi ya ajabu. Ngome ya namna ile kwa kawaida ingechukua miaka mingi, ya Richard kufika 1198 imesimama. Vitabu vya hesabu vya serikali yake vimebaki na vinaonyesha malipo ya watu wa kila aina, wachimba mawe, wachonga mawe, waashi, maseremala, wahunzi, wabeba maji, wachoma chokaa, wachimba handaki, walinzi wa kulinda wafanyakazi wasije wakavamiwa. Jumla inakwenda kwenye pauni 12,000 hivi. Kukupa kipimo, kwenye ngome zake zote za Uingereza, utawala wake mzima, alitumia kama pauni 7,000. Kitu kinachonifurahisha mimi kama mtu wa majengo ni kwamba kwenye zile hesabu kuna majina ya makarani wa malipo lakini hamna jina la fundi mkuu hata mmoja, na ndio maana wengi wetu tunaamini ramani ilikuwa kichwani mwa Richard mwenyewe. Alikaa pale sana, alikuwa anasimamia kazi mwenyewe kama mtu anayejenga nyumba yake na hamwamini fundi.

Haya sasa twende kwenye umbo. Chukulia kilima kirefu chembamba cha mwamba wa chaki, pembeni pote kimeshuka wima kwenda bondeni, upande mmoja tu ndio kimeungana na nchi ya juu kwa shingo nyembamba. Adui mwenye mitambo yake lazima aje na hiyo shingo, hana njia nyingine. Kwa hiyo Richard akaweka kila kitu kikitazama huko. Kwanza kuna ua wa mbele wenye umbo la pembetatu, ncha yake imeelekea kwa adui kama gubeti la jahazi, na pale kwenye ncha kuna mnara mnene wa duara. Nyuma yake handaki kavu limechongwa kwenye mwamba. Ukivuka handaki unaingia ua wa kati. Ukipita ua wa kati kuna handaki jingine, halafu ukuta wa ua wa ndani, na ndani kabisa, pembeni juu ya genge, mnara mkuu. Maana yake adui akishinda mara ya kwanza hajashinda kitu, anaanza upya, na akishinda tena anaanza upya tena, huku watu wa ndani wanarudi nyuma hatua kwa hatua na kila wakirudi wanakuta ukuta mgumu zaidi ya ule walioacha.

Huo ukuta wa ua wa ndani ndio kitu changu pale. Hauna bapa. Wenzao wote walikuwa wanajenga ukuta ulionyooka halafu wanapachika minara hapa na pale, Richard akafanya ukuta mzima uwe minundu ya nusu duara, imeshikana mmoja baada ya mwingine, ukiutazama kwa nje ni kama bati la mgongo lililosimamishwa wima, ila bati la mawe lenye unene wa kutisha. Sababu ni mbili. Jiwe likirushwa na mtambo likapiga ukuta bapa nguvu yote inaingia ukutani, likipiga mnundu linateleza pembeni na nguvu inapotea. Ya pili, ukuta bapa una sehemu za chini ambazo mlinzi aliye juu hazioni mpaka atoe kichwa nje, na akitoa kichwa anapigwa mshale, sasa kwenye minundu kila mmoja unamwona wa jirani yake, hamna pa kujificha. Nimewahi kuweka mkono kwenye kipande chake kilichobaki, mawe ya nje yamechongwa vizuri mpaka viungio havipitishi ukucha, lakini palipobomoka unaona tumbo la ukuta, kokoto na chaki na mabonge ya gumegume meusi yamemwagiwa chokaa, yaani nje suti ndani kifusi. Usicheke, ndivyo kuta nene zilivyojengwa karibu dunia nzima, hata nyumba za mawe za kwetu pwani ukizichuna utakuta uso mzuri nje na katikati vipande vya matumbawe na chokaa.

Mnara mkuu nao una vituko vyake. Ni duara, kuta karibu mita 4 unene, lakini upande unaotazama uani, yaani pale adui angetokea kama ameshaingia, duara limetolewa mdomo mkali kama wa ndege, jiwe likija linapasukia pembeni. Juu kulikuwa na nguzo za mawe zilizoanzia nyembamba chini zikapanuka kwenda juu, zinabeba matao, na kati ya tao na ukuta wameacha upenyo wa kudondoshea mawe na vitu vingine kwa aliyeko chini. Huko Ulaya ya magharibi jambo hilo likifanywa kwa mawe lilikuwa jipya kabisa, zamani walikuwa wanatundika vibaraza vya mbao ambavyo adui anavichoma moto tu. Richard alikuwa ametoka kupigana Mashariki, ameona ngome za kule, wengi wanasema aliiba mawazo huko na mimi sioni ubaya, fundi mzuri lazima awe mwizi kidogo.

Ila sasa rudi kwenye kufuli niliyosema. Chini ya kilima kuna kisiwa katikati ya mto, akakijengea ngome ndogo. Ukingoni, upande uleule wa kilima, akaanzisha mji mpya kabisa wenye ukuta, unaitwa Petit Andely, mpaka leo upo na watu wanaishi. Madaraja yakaunganisha mji na kisiwa na ukingo wa pili. Halafu ndani ya mto wenyewe, kutoka ukingo mpaka ukingo, akapigilia magogo safu tatu kuzuia mashua. Kwa hiyo chombo kikitoka Paris kinafika pale kinakwama, na walioko juu wanapata chakula na askari kutoka Rouen kwa njia ya mto, mto uko mgongoni mwao. Hapo ndipo pana ubora wake wote, kaka. Zile kuta za juu kazi yake ni kuvuta muda mpaka mashua za Rouen zije.

Wanasimulia wafalme walirushiana maneno, Philippe kasema angeichukua hata kuta zingekuwa za chuma, Richard kajibu angeilinda hata zingekuwa za siagi. Basi Richard akaishi kidogo tu baada ya hapo, Aprili 1199 akafa kwa mshale akiwa anazingira kingome kidogo kule Châlus, kusini. Ngome ikabaki kwa mdogo wake John.

John huyu. Sitaki kumsema sana, wamemsema wengine wametosha.

Agosti 1203 Philippe akaja. Na hapa uone akili ya yule bwana, hakwenda kugonga kichwa kwenye minundu ya juu. Akaanza na mto. Watu wake wakaingia majini kung'oa yale magogo huku mishale inawanyeshea, wengi wakafa lakini njia ikapatikana, akapitisha mashua zake akazipanga akaziunganisha zikawa daraja lake mwenyewe, juu yake akasimamisha minara ya mbao. Sasa yeye ndiye mwenye mto.

John akapanga kuwaokoa watu wake, na mpango kwenye karatasi ulikuwa mzuri kweli: jeshi la nchi kavu chini ya William Marshal, mpiganaji mkongwe, lishambulie kambi ya Wafaransa usiku, na saa ileile mashua zipande mto kutoka Rouen zivunje lile daraja la mashua na ziingize chakula kisiwani. Kilichowaangusha ni kitu ambacho mvuvi yeyote wa Bagamoyo angewauliza kabla hawajatoka: maji saa ngapi? Seine ya enzi zile kujaa na kupwa kwa bahari kulikuwa kunafika mpaka huko juu, na hesabu ya maji walikosea, wapiga makasia wakajikuta wanapigana na mkondo. Jeshi la nchi kavu likafika kwa wakati likaanza vita, likawatimua Wafaransa usingizini, kidogo lishinde, lakini mashua hazijaonekana, Wafaransa wakajikusanya wakawasha moto waone wanapigana na nani, wakalirudisha. Mashua zinafika kunapambazuka, vita vya nchi kavu vimeshaisha, adui wote wako macho wamesimama darajani na mawe na mafuta ya moto. Ikawa machinjo.

Muda mfupi baadaye kisiwa nacho kikaenda. Kulikuwa na jamaa mmoja wa Mantes anaitwa Gaubert, mzamiaji, akaziba makaa ya moto ndani ya vyungu, akavipaka lami visiingie maji, akaogelea navyo mpaka upande wa kisiwa ambao hakuna aliyefikiria kuulinda kwa sababu uko mtoni, akatia moto uzio wa mbao. Ngome ya kisiwa ikaungua. Watu wa Petit Andely kuona hivyo wakabeba watoto na mizigo wakakimbilia kilimani, ndani ya ngome kubwa.

Na hapo ndipo ngome iliposhindwa, miezi sita kabla ya hicho choo chako. Mkuu wa ngome alikuwa Roger de Lacy, mtu mgumu, alikuwa na chakula cha kutosha askari wake kwa muda mrefu, lakini sasa anayo midomo ya raia zaidi ya elfu moja. Philippe yeye akachimba mitaro kuzunguka kilima chote, akapanga minara ya mbao, akakaa. Lacy akaanza kuwatoa raia. Kundi la kwanza kama watu 500 Wafaransa wakawaonea huruma wakawapisha. La pili vilevile. Philippe aliposikia akawaka, akaamuru asipite mtu tena, kila aliyetoka arudishwe akamalizie chakula cha wenzake. Kundi la mwisho, mamia ya watu, wazee, kina mama, watoto, wakatoka getini wakakutana na mishale, wakageuka kurudi wakakuta geti limefungwa. Lacy hakufungua.

Wakabaki katikati, kwenye miteremko na mashimo ya kilima, msimu mzima wa baridi. Tunayajua haya kwa sababu Guillaume le Breton, padri wa Philippe mwenyewe, alikuwepo na akaandika, na huyu yuko upande wa Wafaransa lakini hata yeye kalamu inamtetemeka. Anasema walikula majani, wakala mbwa ambao Lacy naye aliwafukuza kupunguza midomo, kuku mmoja aliruka kutoka ngomeni akatua kati yao wakamla na manyoya yake na mifupa. Anaandika mengine kuhusu mtoto mchanga, sitayaweka hapa. Ilipofika kama mwezi wa pili Philippe akapita wakamlilia, akaamuru waachiwe na wapewe chakula, na wengi wakafa kwa kile chakula kwa sababu tumbo lililokaa njaa miezi ukilijaza ghafla linaua. Watalii wanapiga selfi kwenye ile miteremko, sio kosa lao, hakuna kibao kinachosema kwa sauti ya kutosha.

Wakati huo John ameshaondoka zake, Desemba 1203 alipanda meli kurudi Uingereza. Hakuna mashua tena za kungoja.

Sasa ndio tufike kwenye kubomoa. Mwanzoni mwa 1204 Philippe akaanza na ule mnara wa ncha, kwenye gubeti. Wakajaza handaki, ila hawakungoja lijae, wakateremka kwa ngazi na kupanda upande wa pili, ngazi zikawa fupi, wakachomeka visu na mapanga kwenye chaki wakapanda hivyohivyo. Chaki ni laini, ukiishika inakuachia vumbi jeupe mkononi, ndio faida yake kwa mchongaji na ndio hasara yake kwa mlinzi. Chini ya mnara wachimbaji wakatoboa tundu, wanaegemeza magogo ukuta usiwaangukie, wakishamaliza wanatia moto magogo na kukimbia. Magogo yakaungua, ukuta ukaporomoka, jamaa mmoja kiongozi wa mamluki anaitwa Cadoc akachomeka bendera yake juu ya kifusi. Lacy akachoma alichoweza akarudi ua wa kati.

Na ni hapa sasa kwenye choo. Ukuta wa ua wa kati ulikuwa mzima, handaki lipo, Wafaransa wanazunguka wanatafuta pa kuingilia. John, miaka michache nyuma, alikuwa ameongeza jengo upande wa kusini, limeegemea ukuta wa nje, ndani yake kuna kanisa dogo, na lile jengo lina dirisha upande wa nje. Richard hakuweka dirisha pale, aliyeweka ni mdogo wake. Askari mmoja anaitwa Bogis, jina la utani hilo, wanasema kwa ajili ya pua yake fupi, akaliona. Wakatambaa na wenzake wachache, akasimama mabegani mwa mwenzake, akadaka dirisha akaingia, akawavuta wengine kwa kamba. Wanaopenda choo wanasema alipanda bomba la uchafu, na watembezaji wa watalii wanaoneshea kidole tundu fulani, lakini alipoingilia kwa maelezo ya padri ni dirisha. Mimi dirisha naliamini zaidi, ni kosa la kila siku kwenye kazi yetu, mtu anaongeza chumba kwenye nyumba ya mwenzake bila kuuliza ule ukuta ulikuwa wa kazi gani.

Wakiwa ndani wakaanza kupiga kelele na kugonga vitu kama vile wako jeshi zima. Walinzi wakapaniki, wakawasha moto lile jengo wawachome, upepo ukaugeuza moto ukawarudia wao wenyewe, ua mzima ukajaa moshi, ikabidi wakimbilie ua wa ndani. Bogis na wenzake wakajibana kwenye vyumba vya chini moto ukapita, wakatoka wakashusha daraja. Kumbe wazima.

Umebaki ule ukuta wa minundu, fahari ya Richard. Na mitambo ya kurushia mawe kweli ilihangaika nao. Lakini kulikuwa na kosa moja, hili sasa ni la Richard mwenyewe siwezi kumsingizia John. Kuvuka handaki la mwisho kuingia ua wa ndani hakuweka daraja la mbao la kuinua peke yake, aliacha kipande cha mwamba wenyewe bila kukikata kikawa daraja. Kwa mtu anayeishi mle ni raha, daraja haliozi. Kwa mchimbaji wa adui ni raha zaidi, anajibana ubavuni mwa ule mwamba, mawe ya juu hayampati, anachimba msingi kwa nafasi. Walinzi wakaona dawa ni kuchimba nao kutoka ndani wakutane naye, wakakutana naye wakamfukuza, lakini sasa ukuta umetobolewa pande zote mbili. Philippe akaleta mtambo wake mkubwa, mawe matatu manne mazito, kipande kikashuka.

Tarehe 6 Machi 1204 ikawa mwisho. Waliobaki hawakufika hata 200, na ule mnara mkuu wenye mdomo wa ndege hawakuutumia kabisa, walijaribu kutokea mlango wa nyuma wakadakwa. Watu wanauliza mbona hawakujifungia mnarani. Wajifungie wamngojee nani? Mnara ule ulijengwa kwa ajili ya mtu anayesubiri msaada, na mwenye msaada yuko Uingereza. Rouen yenyewe ikajisalimisha mwezi wa sita na Normandy ikawa imekwenda. Lacy alikombolewa kwa fidia, John akachangia, hiyo tumpe.

Ukipenda kulinganisha na cha kwetu, Fort Jesus ya Mombasa, iliyojengwa 1593 mpaka 1596, ina pembe kali kila kona wakati Gaillard yote ni duara na minundu. Katikati ya hizo mbili umeingia mzinga, na mzinga unataka ukuta mnene, mfupi, wenye pembe za kufyatulia. Lakini ukisoma jinsi Waomani walivyoizingira 1696 mpaka 1698 utaona ugonjwa uleule, njaa na maradhi ndani, macho yote baharini kutazama kama tanga linakuja.

Baada ya 1204 ngome haikufa. Mwaka 1314 wakamfungia humo Marguerite wa Burgundy, mke wa mrithi wa kiti cha Ufaransa, kwa kesi ya uzinzi, akafia humohumo mwaka uliofuata. Mtoto David II, mfalme wa Scotland aliyekimbizwa kwao, alilelewa pale kuanzia 1334 mpaka 1341. Wakati wa Vita vya Miaka Mia, kati ya Uingereza na Ufaransa, ikabadilishana mikono mara nne, na mwaka 1419 ilisalimu amri kwa Waingereza baada ya kamba za kutekea maji kisimani kulika zote, hebu fikiria kuta zote zile halafu unashindwa na kamba ya ndoo. Mwaka 1599 Henri IV akaamuru ibomolewe kwa sababu wakorofi wangeweza kuitumia, na watawa wakaruhusiwa kuchukua mawe wakajengee nyumba zao. Kwa hiyo mawe mengi unayokosa kule juu yalishuka kilimani kwa ruhusa, hayakuangushwa na Philippe.

Kuhusu safari yako, ndiyo, kuna cha kuona. Panda treni ya kwenda Rouen pale Saint-Lazare, shuka Gaillon-Aubevoye, halafu taksi au baiskeli mpaka Les Andelys, kilomita kama kumi na kitu. Mwezi wa tano ua wa ndani na mnara huwa wazi kwa tiketi, nje unazunguka bure. Usianzie mjini kama watalii wengi, kilima kitakumaliza pumzi na utaiona ngome kutoka upande ambao adui hakuja nao. Panda barabara mpaka juu nyuma kabisa, kwenye ile shingo, usimame pale Philippe alipoweka mitambo, uone ncha inavyokutazama. Kisha shuka uingie handaki la ndani, utakuta vyumba vimechongwa ndani ya chaki ya handaki, tembeza mkono ukutani uone mistari ya gumegume. Na ukielekea mlango wa ua wa ndani angalia unachokanyaga, kile kipande cha mwamba bado kipo, hakikukatwa mpaka leo, na wewe utavukia hapohapo.